Kisu kikubwa cha kukunja: chagua ncha kabla hujachagua jina

Wengi wanaoniletea visu vikubwa vya kukunja walichagua kwa macho. Ncha ya tanto, ile yenye kona, ilivutia kwenye kabati la duka, ya klipu, ile iliyokatwa mgongoni, ilionekana kama ya kisu cha mwindaji halisi, na ile butu hakuna aliyeigeukia mara mbili. Baadaye kisu kinafika mezani kwangu kunolewa, na hapo hakifichi kitu. Makali ya karibu na mpini yamelala kwa kukata kamba, au ncha imekatika kwa kufungulia kopo la rangi. Vingine vinakuja bado vipya kabisa, kwa sababu mwenyewe aliona ni usumbufu kuvitumia akarudia kisu cha jikoni.

Ninaposema kisu kikubwa nina maana ya bapa la sentimeta 9 hadi 10 hivi, ambalo likifunguliwa linajifunga kwa loki lisikunjike. Ukitaka kuona umbo la bapa linabadilisha nini, mfano rahisi ni Recon 1 ya Cold Steel, kampuni iliyoanzishwa California mwaka 1980 na Lynn Thompson. Bapa lake ni inchi 4, unene milimita 3.5, na kinauzwa kikiwa na ncha ya klipu, ya tanto au ya mkuki. Mpini ni uleule. Loki ni ileile ya Tri-Ad aliyoibuni Andrew Demko, yenye pini ya chuma inayobeba mzigo kati ya bapa na kile kipande cha mgongoni kinacholifunga. Ukivishika vyote vitatu kimoja baada ya kingine, unachopima ni ncha tu.

Sasa, jambo ambalo maelezo mengi ya wauzaji hayaligusi: kisu kikirefuka, ncha inahama mbali na kidole cha shahada. Kwenye kisu cha sentimeta 6 ncha iko jirani, na hata ikiwa imenyanyuka juu unaiongoza bila kufikiri. Kwenye bapa la sentimeta 10 kifundo cha mkono kikicheza kidogo tu, ncha inacheza sana. Kwa hiyo umbo ulilolipenda kwenye kisu kidogo linaweza kukusumbua kwenye kikubwa. Mimi huanza kwa kutazama kisu ubavuni na kuvuta mstari wa kufikirika katikati ya mpini hadi mbele. Ncha ikiangukia kwenye mstari huo au karibu nao, mkono unajua ilipo. Ikiwa juu sana, kila unapotoboa inabidi ushushe kiwiko.

Hapo ndipo dropu, yaani ncha iliyoshushwa, inaposhinda. Mgongo wa bapa unashuka taratibu kwa mviringo hadi unakutana na makali, ncha inakaa karibu na katikati, na nyuma yake kuna chuma cha kutosha. Aliyelifanya umbo hili lipendwe na wawindaji ni Mmarekani Bob Loveless, na sababu yake ilikuwa ya kazini kabisa. Ukichinja mbuzi utaielewa mara moja. Unapopasua ngozi ya tumbo unageuza kisu makali yatazame juu, na vidole viwili vya mkono wa pili vinainua ngozi. Ncha ya dropu inaelekea kwenye ngozi, na mgongo wake wa mviringo unateleza juu ya matumbo bila kuyagusa. Klipu ambayo ncha yake imepinda kuelekea mgongoni inafanya kinyume, inatafuta utumbo. Ukishautoboa, harufu itakueleza, na nyama ya karibu nayo utaiosha sana.

Klipu yenyewe siidharau. Ni ile ambayo mgongo wake umekatwa sehemu ya mbele, mara nyingi kwa kupinda kwa ndani, hata ncha ikabaki nyembamba na kali. Buck 110, kilichotoka mwaka 1964 kikiwa na bapa la sentimeta 9.5 hivi, kimejengwa hivyo, na ndicho kilichowafundisha Wamarekani wengi kuamini kisu cha kukunja kwa kazi nzito. Hata ile Okapi yenye pete mgongoni, ambayo Wajerumani walianza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika na leo inatengenezwa Afrika Kusini, iko upande huohuo. Kwa mtu ambaye siku yake ni nyama, yaani kutenganisha viungo, kufuata mfupa, kutoa mshipa, ncha nyembamba inaingia pale ambapo dropu inagoma. Tatizo lake ni binadamu. Ncha nyembamba ikikaa mfukoni siku nzima, lazima siku moja itafungulia skrubu, na skrubu haina huruma.

Lakini usihukumu uimara wa ncha kwa kutazama ubavuni peke yake. Geuza kisu, mgongo utazame macho yako, ufuate unene kutoka kwenye mpini hadi mbele. Kuna klipu ambazo unene unafika mbali kabla haujapungua, na kuna dropu ambazo kiwanda kimezikwangua ubavuni hadi ncha imekuwa kama karatasi. Jinsi ubavu ulivyosagwa ina uzito sawa na umbo, pengine zaidi. Kwa matumizi ya kila siku napenda ubavu ulionyooka toka mgongoni hadi kwenye makali, kwa sababu unapita kwenye nanasi au viazi bila kuvipasua kama kabari. Ule uliochimbwa kwa ndani unakata vizuri sana mwanzoni, ila ukizama kwenye kitu kinene unakwama pale chuma kinapoanza kunenepa.

Tanto ni mjadala wa peke yake. Tanto hii ya Kimarekani, ambayo Cold Steel ndiyo iliyoieneza sana, ina makali mawili yaliyonyooka yanayokutana kwenye kona. Majambia ya Kijapani yaliyoipa jina mengi hayana kona hiyo, makali yake yanapinda taratibu hadi nchani. Faida ya hii ya Kimarekani ni kwamba unene wa bapa unafika karibu kabisa na ncha, kwa hiyo haivunjiki ovyo. Na ile kona, nakiri, ni tamu kwenye maboksi. Unaiegemeza kwenye mstari wa gundi, unaivuta kuja kwako, inapasua utepe kama wembe bila kuzama hadi kwenye nguo zilizomo ndani. Kukwangua gundi iliyoganda pia inaweza. Ukiileta mezani ndipo unapochoka. Weka nyanya kwenye sahani ukate: hakuna mviringo wa kubembeleza, kona tu ndiyo inayogusa sahani, na kipande cha mwisho kinabaki kimeshikwa na ngozi. Kwenye kuchuna ndiyo usiseme kabisa. Nikiletewa tanto natoza zaidi kidogo, wateja wananung'unika, lakini nanoa pande mbili za makali na inabidi nilinde kona isiwe duara. Ukimpa mtu wa jiwe la kuzungusha barabarani, utarudishiwa kisu kingine.

Umbo ambalo ningependa watu wengi zaidi walijaribu ni mguu wa kondoo. Makali yamenyooka kama rula, mgongo ndio unaoshuka mbele kuyafuata, na ncha karibu haipo. Mabaharia walilipenda kwa sababu chombo kikiyumba, ncha haiingii kwenye paja la mtu wala kwenye tanga. Kwa anayekata kamba za mkonge, mikanda ya plastiki ya mizigo, mabomba ya umwagiliaji na magunia, hakuna linaloshinda hili. Kamba inabanwa kwenye makali yaliyonyooka na urefu wote unafanya kazi. Kwenye mviringo inateleza kuelekea nchani na kuponyoka kabla haijakatika. Mpagazi au mtu wa stoo ningempa hili bila kumuuliza mara mbili. Mwongoza watalii ambaye leo anamenya embe, kesho anakata utepe wa bendeji na keshokutwa anasaidia kuchuna, huyo ningempa dropu, na sioni haja ya kufikiri sana.

Makali yenye umbo la herufi S, kama ya kisu cha Voyager Vaquero kutoka kwa Cold Steel hao hao, yanakata kwa fujo kwelikweli. Bonde lile la makali linavuta nailoni ndani. Ila huwezi kulinoa kwenye kinoo bapa, jiwe linagusa vilima na kuruka bonde. Unahitaji kinoo cha fimbo. Kama huna na huna mpango wa kununua, achana nalo. Meno ya msumeno yaliyokatwa kwenye nusu ya makali nayo mimi siyataki kwenye kisu cha kila siku. Yanakula ile sehemu ya karibu na mpini ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kukata.

Kwa kuwa wengi wananoa wenyewe: kwenye dropu na klipu, kosa ninaloliona zaidi ni ncha iliyoviringwa. Mtu anateleza vizuri kwenye sehemu iliyonyooka, akifika kwenye mviringo anaacha mpini palepale ulipokuwa, pembe inabadilika na makali ya mbele hayaguswi vizuri. Inua mpini kidogo kidogo kadiri jiwe linavyokaribia ncha, na usimame kabla ncha haijatoka nje ya jiwe. Paka wino wa kalamu nene kwenye makali kabla hujaanza. Pale wino unapobaki, jiwe halijafika.

Wanaowanunulia ndugu walioko Ulaya zawadi wajue kwamba huko urefu na loki ni suala la sheria. Uingereza inaruhusu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisichojifunga, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Ujerumani tangu 2008 inazuia kutembea hadharani na kisu kinachojifunga kinachofunguliwa kwa mkono mmoja, isipokuwa kwa sababu ya halali. Recon 1 inakatazwa kote kuwili bila sababu ya halali, iwe na ncha yoyote.

Dukani, ukishaona unachokitaka, kifunge na ukiangalie kikiwa kimefungwa. Ncha iliyo karibu na mgongo, kama ya klipu iliyopinda juu, inalala karibu na mdomo wa mpini, wakati ya mguu wa kondoo inazama ndani kabisa. Pitisha kidole polepole kando ya mdomo huo upande wa ncha. Kikikwaruzwa, mfuko wa suruali nao utakwaruzwa, na pia mkono utakaoingia humo kutafuta funguo gizani. Mwombe muuzaji akupe kingine cha aina hiyohiyo, maana tofauti ya milimita moja kutoka kiwandani inatosha.