Je, gari la umeme ni lazima lifungwe matairi yenye alama maalumu?

Wengi huamini kwamba gari la umeme halifai kufungwa tairi la misimu yote lisilo na alama ya magari ya umeme ubavuni. Imani hiyo ina chimbuko linaloeleweka: betri huongeza uzito, na mota huzungusha magurudumu kwa nguvu mara tu dereva anapokanyaga pedali, hivyo matairi huisha upesi. Hata hivyo, alama hiyo ni maelezo ya mtengenezaji mwenyewe, si kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Yapo maandishi mengine ubavuni mwa tairi yenye umuhimu zaidi. Katika 235/45R18 98W, kwa mfano, 98 humaanisha kwamba tairi moja huweza kubeba hadi kilo 750, ilhali 94 ni kilo 670. Kilo 80 kwa kila gurudumu si tofauti ndogo hata kidogo. Linganisha namba hizo na kibandiko cha mlango wa dereva au kitabu cha gari, wala usikubali pungufu. Anayeona chaji ikiisha mapema baada ya kufunga matairi mapya asiharakishe kulaumu ukosefu wa alama, kwani tairi jipya, ambalo mpira wake bado ni mnene, kwa kawaida huviringika kwa ugumu kuliko lililolika, hata yakiwa ya aina ileile.