Albamu moja, diski tatu: Shania Twain na "Up!"

Mtu akiniuliza kantri inaishia wapi na pop inaanzia wapi, simpi maelezo. Namwekea Up!, albamu ya mwimbaji wa Kanada Shania Twain. Ilitoka Novemba 2002 ikiwa na nyimbo 19, zote zimetungwa na Shania na Mutt Lange, prodyuza aliyekuwa mumewe wakati huo, na kila wimbo ukatengenezwa mara tatu. Diski ya kijani ni ya kantri, nyekundu ni ya pop, ya buluu ina ladha ya Kihindi. Marekani na Kanada waliuziwa kijani na nyekundu kwa pamoja. Kwingineko watu wakapata nyekundu na buluu. Wiki ya kwanza tu, Marekani zilinunuliwa nakala zipatazo 874,000.

Kwa sisi tunaoshinda studio tukimiksi, hii ni shule ya bure. Tungo ni zilezile, sauti ya mwimbaji karibu ni ileile. Zinazobadilika ni ala. Basi usimsikilize anapoimba, msikilize anaponyamaza kuvuta pumzi. Upenyo ule kati ya mstari na mstari ndimo kantri inamokaa. Kwenye kijani unajazwa na fidla, au na gitaa la stili: lile linalolazwa, mpigaji akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi huku akikanyaga pedali, noti ikapanda pole pole hadi kuifikia nyingine. Aliyezoea taarab ya Unguja hana haja ya kufundishwa hapa, maana fidla yetu nayo humjibu mwimbaji hivyohivyo. Kwenye nyekundu, upenyo uleule unachukuliwa na gitaa la umeme au kinanda.

Kuna kitu hakibadiliki, nacho ni mkono wa Lange. Huyu bwana ni mzaliwa wa Mufulira, Zambia (wengi hawalijui hilo), na kabla ya Shania alishazitengenezea bendi za AC/DC na Def Leppard miziki ya roki. Ukifika kwenye kibwagizo utamtambua tu: waitikiaji wamerundikwa tabaka juu ya tabaka mpaka wanasikika kama uwanja mzima. Hata diski ya kijani haikuponea. Wenye kantri yao ya asili walishaanza kunung'unika tangu Come On Over, albamu ya Shania ya 1997, na kwa hilo siwalaumu.

Mimi Forever and for Always naitaka ya kijani, kwa sababu wimbo wa taratibu unaipa stili nafasi ya kulia. I'm Gonna Getcha Good! niachie nyekundu. Buluu, kazi ya ndugu wawili wa Birmingham, Uingereza, Simon na Diamond Duggal, inachezeka sana kwenye nyimbo za haraka. Kwenye za polepole naona ala zimebandikwa tu juu.

Lakini wimbo wa kuvalishwa nguo tatu lazima uwe hauna kwao. Kantri ya zamani hukutajia barabara, kaunti, baa na jina la aliyemwaga machozi mle. Humu ni nadra. Ka-Ching! unasema tamaa ya kununua na mikopo, wala hujui ni maduka ya mji gani. Wimbo huo ulitolewa kama singo Ulaya, Marekani hawakuutoa.