Ninga wa Pemba: yanayosemwa na ukweli wake

"Si njiwa tu huyo?" Ni wa ukoo wa njiwa, lakini usimtafute chini akidonoa mtama. Ninga anaishi juu mitini na chakula chake ni matunda, hasa ya mikuyu na miti ya jamii yake. Simama chini ya mkuyu ulioiva utazame: hushika kitawi kwa miguu, akajining'iniza kichwa chini mpaka alifikie tunda la nchani. Akitulia, humwoni tena kwenye majani.

"Ni yule yule wa bara." Siye. Wa bara ana kichwa na kifua cha kijani kinachoelekea manjano. Wa Pemba ni wa kijivu hapo, mabawa ndiyo ya kijani, na begani ana doa la zambarau. Duniani kote yuko Pemba peke yake. Sababu iko baharini. Maji yaliposhuka zama za barafu, Unguja iliungana na bara, lakini mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati yake na bara, una kina cha mamia ya mita na haukukauka, Pemba ikabaki kisiwa. Ndiyo maana Pemba, ndogo kuliko Unguja, ina aina nne za ndege wasiopatikana kwingine.

"Anakula matunda, basi anaotesha msitu kwa kusambaza mbegu." Hili huwapotosha hata wapenzi wa ndege. Ninga na jamaa zake wana firigisi nene yenye vijiwe, na mbegu ndogo za mkuyu nyingi husagwa humo. Sifa ya kusambaza mbegu mpeni popo wa Pemba, yule mkubwa mla matunda, aliyeistahili. Ninga atunzwe kwa sababu akiisha Pemba, ameisha.

"Yuko Ngezi, na Ngezi inahifadhiwa, tusihangaike." Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba, ni sehemu ndogo tu ya msitu wa zamani. Mwingi ulifyekwa kupisha mikarafuu, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuangusha ile ya Unguja, zao likahamia Pemba. Ninga alibaki pia mashambani na karibu na makazi, popote penye miti mikubwa ya matunda. Huko hakuna mipaka ya hifadhi: mkuyu wa mpakani mwa shamba hukatwa na mwenye shamba, na manati ni ya mtoto yeyote. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemweka kati ya viumbe wanaotishiwa kutoweka, na sehemu kubwa ya usalama wake imo mikononi mwa wakulima hao, wala si mwa walinzi wa msitu peke yao.