Jua la saa sita haling'arishi gari

"Njoo saa tano, jua likishawaka vizuri, gari ling'ae." Wapiga picha za matangazo ya magari Mombasa wameisikia kauli hii hadi imewachosha, iwe imetoka kwa mwenye yadi ya mitumba au kwa meneja wa masoko mwenye brifu ya kurasa ishirini.

Rangi ya gari, ikishapigwa klia (ule utando angavu wa juu unaong'aa), ni kioo. Na kioo huonyesha kilicho mbele yake, basi. Unachopiga picha ni kile ambacho mlango na boneti vinakiona. Saa sita jua liko utosini (karibu tarehe 10 Machi na mwanzoni mwa Oktoba, hapa Mombasa ni utosini hasa). Boneti na paa vinaliona jua lenyewe, na hapo unapata doa jeupe lisilo na rangi wala umbo. Milango inaona lami, mchanga na miguu ya wapita njia. Ukipima mwanga wa mlango, boneti inaungua kwa weupe. Ukiiokoa boneti, mlango na matairi vinageuka shimo jeusi. Ndiyo sababu picha za saa sita hufanya gari jipya lionekane limetoka kazini.

Kinachong'arisha gari ni anga pana lenye mwanga laini, na ukingo mmoja mnyoofu wa kupita ubavuni. Pwani tunalo bure. Jua huchomoza baharini kati ya saa 11:55 na 12:35 alfajiri kutegemea mwezi. Fika nusu saa kabla, mahali pa wazi panapotazama bahari, na uweke gari sambamba na maji, kamera ikiwa upande wa bahari. Ubavu wa gari utachora anga juu na bahari chini, na mpaka wao utapita mlangoni kama uliopigwa rula. Inua kamera sentimita 10, mstari unapanda, ishushe, unashuka. Mstari huo utafutie mahali chini kidogo ya vitasa. Kwa gari la saluni, kamera kuwa na urefu wa sentimita 70 hadi 90 kutoka ardhini huwa unatosha.

Jioni mambo hugeuka, kwa kuwa jua linatua upande wa bara: bahari iwe nyuma ya gari, na ubavu utazame magharibi. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina hapa Mombasa ina mtego wake, nao ni mibuyu. Huioni kwa sababu iko mgongoni mwako, lakini mlango unaiona, na itajichora kama nyufa nyeusi. Sogeza gari mita mbili au tatu, ligeuze kidogo, kisha utazame mlango, usitazame gari. Kanzu nyeupe nayo huonekana mlangoni vizuri sana. Siku ya kazi vaa nyeusi. Jua likishazama una dakika 20 hivi, maana giza la huku halina subira. Tripodi, ISO 100, f/8, shata ukianzia sekunde 1/15 na kuendelea kuirefusha hadi sekunde kadhaa.

Kauli nyingine za aina hiyo hazihitaji maneno mengi.

"Funga polaraiza, maakisi yote yataondoka." Hayaondoki. Filta hii ya kuzungusha mbele ya lenzi hukata mwako unaokuja kwa pembe fulani tu, na kwenye kromu haina kazi. Ukiondoa maakisi kwenye kioo cha mbele, ubavu unabaki vilevile. Kwa hiyo piga fremu tatu au nne bila kugusa tripodi, kila moja filta ikiwa imezungushwa kwa ajili ya sehemu yake, kisha uziunganishe. Filta itakugharimu mwanga wa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu). Vioo vya madirisha ya pembeni vikitoa madoadoa, hiyo ni alama ya kioo kilichoimarishwa. Rudisha filta kidogo.

"Lenzi pana hulikuza gari." Lenzi ya milimita 24 ukiwa karibu hufanya taa ya mbele iwe kama sinia na buti lipotee. Tumia 85 ukiwa umesimama mita 12 hivi, au 135 kwenye mita 20. Kama uwanja hautoshi, tafuta uwanja mwingine.

"Magurudumu yanyooke." Gari likiwa limekaa kimshazari, zungusha usukani hadi rimu itazame kamera. Meno ya tairi hayauzi gari.

"Lazima likimbie." Kilomita 40 kwa saa zinatosha, gari la kamera likienda kwa mwendo uleule, shata 1/40. Ukipiga 1/1000, rimu zinaganda na gari linaonekana limeegeshwa. Tarajia fremu nyingi za kutupa. Mpiga picha afungwe mkanda, na barabara iwe imefungwa kwa kibali. Si katikati ya malori ya barabara ya Dongo Kundu.

Halafu kuna "Photoshop itasafisha." Upepo wa bahari huacha chumvi inayokauka kama ukungu juu ya klia, na maji ya kisima cha chumvi huongeza madoa yake. Dakika kumi za kitambaa hukuokolea saa nyingi za kompyuta. Suuza kwanza, ndipo umalizie kwa maji ya betri yasiyo na asidi na kitambaa cha maikrofaiba. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi iache ndani ya begi dakika 20 hadi 30, la sivyo lenzi itafuka jasho. Beba vitambaa viwili, kimoja cha gari na kimoja cha lenzi, na visikutane: chumvi iliyokauka hukwaruza klia na lenzi pia.