Ukimdanganya ili umsaidie, umemthibitishia

Nafanya kazi ya saikolojia hapa Kisumu miaka mingi sasa na kuna shida moja ambayo karibu hakuna mtu huja mwenyewe kuniambia anayo, nayo ni tatizo la haiba la paranoidi, yaani tabia ya kudumu ya kushuku watu bila sababu ya kutosha. Mtu aliyezidiwa na huzuni atakwambia daktari silali, sili. Lakini mwenye hii hali haoni kama yuko na shida, anaona watu ndio wako na shida naye na yeye anajilinda tu. Kwa hivyo anayepiga simu ni bibi yake ama dadake, na swali huwa ni lile lile: huyu amerogwa ama ni wazimu?

Hajarogwa, na si wazimu. Si skizofrenia pia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo. Hasikii sauti, kazini anaenda, karo analipa, ingawa presha ikizidi sana anaweza kuteleza kwa muda mfupi akaanza kuamini vitu visivyokuwepo kabisa. Kile kitabu tunachotumia kutambua magonjwa ya akili, DSM-5, kilichotoka Marekani 2013, kinataja dalili saba, na tunatafuta angalau nne, zilizoanza ujanani na zinazojitokeza kila mahali, si kwa mtu mmoja aliyemkosea. Anashuku wengine wanamtumia ama wanataka kumdhuru bila sababu ya kutosha, uaminifu wa marafiki anaupima kila saa, siri hatoi maana itageuzwa silaha, neno la kawaida analisikia lina tusi ndani, kinyongo anakaa nacho miaka, anaona ameshambuliwa pale ambapo wengine hawajaona kitu na anarudisha papo hapo, na mume ama mke anamshuku kila mara ana mpango wa kando. Tafiti za Marekani zinakadiria wenye hali hii ni kati ya 2.3 na 4.4 kwa kila watu wazima 100, kwa hivyo si ajabu uko naye kwa ploti ama kanisani.

Wacha niwape mfano, nimechanganya watu kadhaa na kubadilisha mambo ili asijulikane yeyote. Mama anauza omena soko la Kibuye, yuko kwa chama. Siku moja mwekahazina anasema tu, "wiki hii mama amechelewa kidogo." Wengine wamesikia taarifa, yeye amesikia anaanikwa. Usiku anafungua grupu ya WhatsApp anaangalia nani ameona meseji yake na hajajibu, na hizo tiki mbili za bluu zinakuwa ushahidi. Mkutano unaofuata anapiga picha kila ukurasa wa daftari la michango, halafu anamfuata mwekahazina mpaka kwake kumuuliza nani alimtuma. Sasa wenzake wanafanya nini? Wanafungua grupu ingine bila yeye. Akifika wananyamaza. Na atagundua tu, maana macho yake hayalali, na akisema "si niliwaambia wananisengenya" atakuwa amesema ukweli mtupu.

Hapo ndipo unyanyapaa unaniuma. Kwa magonjwa mengine unamuumiza mgonjwa, kwa huu unamuumiza na pia unaulisha ugonjwa wenyewe. Familia inamwambia twende tukamwone shangazi amelazwa, kumbe wanampeleka kliniki ya akili. Wengine wanamtilia dawa kwa chai, na hakuna hata dawa maalum ya hii hali, dawa tunazotoa ni za huzuni ama wasiwasi unaoandamana nayo. Alikuwa anaogopa kutiliwa kitu kwa chakula, sasa ametiliwa kweli, tena na watu wake. Isitoshe sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inampa mgonjwa haki ya kukubali matibabu yake na kutunziwa siri.

Na tusikimbilie kumpa kila mtu jina hili. Waliofukuzwa Naivasha na Nakuru Januari 2008, kwa zile vurugu za baada ya uchaguzi, wakaja kuanza upya huku, wengi bado hawamwamini jirani haraka, na aliyedhulumiwa shamba na binamu yake akikagua hati mara tatu hiyo ni akili, si ugonjwa. Ninachoangalia ni kama anaweza kulegeza pale hakuna hatari. Wengi wa wale hawawezi walipigwa ama walitelekezwa wakiwa wadogo, na kuna familia hali hii inatembea pamoja na skizofrenia.

Kwa kliniki swali huja mapema: "Sasa hiyo unaandika ni nini?" Namgeuzia faili asome mwenyewe. Mstari akiukataa tunaujadili mpaka tuelewane umekaaje. Simchangamkii kupita kiasi, maana ukarimu mwingi anaushuku pia, na nikichelewa namwambia sababu ya kweli hata kama ni ndogo. Simbishii, na simuungi mkono. Namwambia naona hilo neno lilikuumiza, mimi sikuwepo, hebu tutafute kama kuna maana ingine lingeweza kuwa nayo. Inaenda polepole, miezi, na kuna wanaoacha njiani. Lakini wakikaa utaona uchovu walio nao, watu husema hawana moyo kumbe hawajapumzika tangu utotoni. Mzee mmoja aliniambia, "Daktari, mimi nimechoka kuchunga."

Nyinyi bibi na mabwana wa watu hawa, kumpa simu akague kila usiku hakumalizi swali, kesho litarudi na lingine. Mjibu mara moja, kwa ukweli, kisha endelea na kazi zako. Wivu ukifika kwa vitisho, ngumi ama panga, usibaki hapo kumwelewa, ondoka na watoto, na kuna namba 1195 ya wanaodhulumiwa nyumbani, ni ya bure.

Na wale mnaniuliza mtamleta aje: mwambieni anaenda wapi, kumwona nani na kwa nini. Mwacheni aulize yote, hata kama ataniuliza kwanza nimesomea wapi. Akikataa, njoo wewe, tuanze na venye mnaongea naye huko nyumbani.