Sekunde 40 za faneli hazikuambii tope likoje

Kwenye mtambo wa kuchimba visima, swali la kila asubuhi ni hilohilo: "Tope lina sekunde ngapi?" Tope hilo ni maji yaliyokorogwa na udongo, yanayozungushwa kisimani kwa pampu ili kubeba vipande vya mwamba. Mtu anaziba tundu la faneli kwa kidole, anamimina tope kupitia wavu, anaachia kidole na kuanza kuhesabu. Faneli hiyo aliibuni Hallan Marsh mwaka 1931. Inajazwa mililita 1,500, na unapima muda unaotumika kutoka mililita 946. Maji matupu hutumia sekunde 26. Tope likitumia 40, kazi inaendelea.

Siku moja nililetewa ndoo mbili kutoka visima viwili vya Pwani, zote za sekunde 40. Nikachota bika moja kila ndoo, nikaziacha mezani nikaenda kunywa chai. Niliporudi, bika la kwanza lilikuwa limeganda kama uji uliopoa. Nililiinamisha, tope halikusogea. Nikalitikisa kidogo, likaporomoka lote kwa mkupuo. La pili lilikuwa na maji juu na mchanga laini umekaa chini.

Yote mawili yalikuwa mazito, ila kila moja kwa sababu yake. La pili lilikuwa zito kwa msongamano tu wa chembe. Kwa hesabu ya Einstein, aliyoisahihisha mwaka 1911, chembe za duara zikichukua asilimia 1 ya ujazo, mnato, yaani ugumu wa kutiririka, huongezeka kwa asilimia 2.5. Zikizidi na kuanza kusongana, mnato hupanda kwa kasi zaidi ya hapo. Lakini chembe za namna hiyo hazishikani, na pampu ikizimwa zinazama.

La kwanza lilikuwa na bentonaiti iliyovimba vizuri. Udongo huu ni vipande vyembamba mno vyenye chaji ya umeme. Vikitulia vinashikana na kujenga kiunzi, ukikoroga kinavunjika. Hicho ndicho fundi wa kisima anachokihitaji. Pampu inapozimwa ili kuongeza bomba, vipande vya mwamba vinapaswa kuning'inia palepale vilipo. Vikishuka vinaibana kekee huko chini, na hapo unaweza kupoteza kisima kizima.

Kiunzi hicho nakipima kwa kifaa cha silinda mbili: ya nje inazunguka, ya ndani imeshikwa na springi, na mshale unaonyesha tope linavyoivuta. Tuseme kwa mizunguko 600 kwa dakika unasoma 38, na kwa 300 unasoma 26. Tofauti yake, 12, ndiyo mnato kwa sentipoizi, kizio cha mnato. Toa 12 kwenye 26, unabaki na 14: paundi kwa kila futi za mraba 100, kama paskali 6.7. Hiyo huitwa nguvu ya kulianzisha tope, lakini mimi siiamini sana, kwa sababu imekisiwa kutoka mwendo wa kasi, na tope linapoanza kusogea halina kasi hiyo.

Ninachokiamini ni kipimo cha utulivu. Koroga kwa 600, zima, subiri sekunde 10, kisha washa kwa mizunguko 3 na usiondoe macho kwenye mshale. Unapanda polepole, unafika kileleni, kisha unaanguka: kiunzi kimekatika. Andika kile kilele. Koroga tena, safari hii subiri dakika 10. Usipokoroga kwanza, unapima historia ya tope tangu lilipochotwa, na kesho hutapata namba ileile.

Kwa bika la kwanza mshale ulipanda wazi mara zote mbili. Kwa la pili haukutikisika. Nikampigia simu fundi wa kisima cha pili nikamuuliza maji aliyatoa wapi. "Kisima cha jirani, yana chumvi kidogo." Kwenye chumvi bentonaiti haivimbi inavyotakiwa. Akalimwaga, akaloweka bentonaiti mpya kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi, akaiacha ilale usiku kucha. Kesho yake mshale ulipanda vizuri na kuanguka palipostahili. Faneli ilisoma sekunde 41.