Mwezi mmoja Ufaransa hautoshi kwa anayeanza sifuri

Vijana wengi wanaoongoza watalii Malindi huamini kwamba kozi ya mwezi mmoja Ufaransa, Julai au Agosti, itawarudisha wakichapa Kifaransa kama maji. Si kweli. Saa 20 kwa wiki, wiki 4, ni saa 80 tu: anayeanza humaliza A1, ngazi ya kwanza kati ya 6 za kupima ujuzi wa lugha. Atajitambulisha, atauliza bei na njia. Mbaya zaidi, asiye na msingi akitoka darasani hukimbilia Kiingereza na wenzake. Afadhali umalize A2, ngazi ya pili, huku nyumbani, tuseme Alliance Française ya Mombasa, kituo cha kufundisha Kifaransa, ndipo uende ukakae na familia ya wenyeji. Chakula cha jioni kwao huwa kirefu, na mazungumzo hayo ndiyo darasa lenyewe. Ombi la viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya, lisikawie kupita siku 15 kabla ya safari. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000.